Maoni: Katika «Infinity War», nani aliwauliza watu wa Wakanda?

Mzee mmoja wa Mumosho aliingia katika chumba cha video ili kujikinga na mvua tu. Ndani, vijana walikuwa wamebanana kwenye mabenchi, jenereta inanguruma nyuma ya ukuta, na kwenye ekrani jeshi la Wakanda lilikuwa linajipanga uwanjani. Mzee alitazama kwa dakika chache, kisha akamgusa bega kijana aliyekaa mbele yake.

— Ile jiwe wanapigania ni ya nani?

— Ni ya ule wa sura nyekundu, papa.

— Ni mtoto wa hapa?

— Hapana, papa. Ni mgeni. Walimuleta ili wamutoleshe ile jiwe bila kufa.

— Na hawa wenye kukufa kule inje, nani aliwauliza?

Kijana alicheka, wenzake wakamwomba mzee anyamaze, maana Thor alikuwa karibu kufika. Thor alipofika, chumba kizima kilisimama na kelele zikashinda za jenereta. Mvua ilipopungua mzee akatoka. Swali lake halikupata jibu pale, na ukweli ni kwamba halipati jibu hata ndani ya filamu yenyewe.

Avengers: Infinity War ilitoka mwishoni mwa Aprili 2018. Kuirudia leo si kupoteza wakati, kwa sababu ndugu wawili walioiongoza, Anthony na Joe Russo, wamerudi kazini: filamu yao mpya ya kukutanisha mashujaa, Avengers: Doomsday, imepangwa kutoka tarehe 18 Desemba 2026. Vijana wa Bukavu na wa vilima vya Mumosho wataiona, kama si kwa ekrani kubwa basi kwa flashi inayopita mkono kwa mkono. Ni vizuri kujua mapema nini hawa ndugu wanakiweza, na nini kiliwashinda.

Tuanze na wanachokiweza, maana ni kikubwa. Filamu ya namna hii inafanana na arusi ya koo mbili tajiri, ambako kila baba mdogo anataka kushika mikrofoni. Infinity War ilikuwa ya 19 katika mfululizo ulioanza na Iron Man mwaka 2008. Mashujaa zaidi ya 20 walipaswa kuingia katika dakika 149, kila mmoja na watu wake wanaompenda, kila mmoja na madeni ya filamu zilizopita. Gharama ilipita dola milioni 300. Kwa makuta kama hayo mtu angeweza kununua fujo tupu, na mifano ya fujo hiyo katika filamu za mashujaa si michache.

Waandishi Christopher Markus na Stephen McFeely walitumia dawa rahisi: waliwagawa watu katika makundi madogo, na katika kila kundi wakaweka watu wasioweza kukaa pamoja kwa amani. Tony Stark na Doctor Strange, wanaume wawili wenye kiburi cha aina moja, wanafungwa katika chombo kimoja pamoja na mtoto wa shule, Spider-Man. Thor aliyepoteza ndugu na watu wake anasafiri na Rocket, mnyama asiyejua kufariji mtu, na bado ndiye anayemwuliza habari za msiba wake. Star-Lord anapomwona Thor anaanza kunenepesha sauti ili aonekane mwanaume zaidi. Chumba kizima cha Mumosho kilicheka pale, hata wale ambao Kifaransa chao ni cha kuombea maji. Kichekesho kinachotoka katika tabia ya mtu hakihitaji mtafsiri.

Na watafsiri wapo, ni lazima waheshimiwe. Kenya ina DJ Afro, Uganda ina VJ Junior, watu wanaochukua filamu ya Marekani na kuisimulia upya juu ya sauti ya waigizaji, kwa lugha ya watu wao. Mtazamaji ambaye hakuona filamu 18 zilizotangulia atapotea kabisa katika Infinity War. Haelezwi Wanda ni nani, haelezwi kwa nini Stark na Captain America hawasemezani. Msimuliaji mwenye ujuzi anayaziba mashimo hayo kwa sentensi mbili. Filamu ya zaidi ya dola milioni 300 inasaidiwa na mtu mwenye mikrofoni moja.

Nguvu kubwa zaidi ni Thanos. Josh Brolin alimwigiza chini ya sura iliyotengenezwa na kompyuta, na bado macho yake yana uchovu wa mtu halisi. Hadithi inamfuata yeye. Ndiye anayetembea, ndiye anayetafuta, ndiye anayelia pale Vormir anapomtupa Gamora, binti aliyemlea, ili apate jiwe la roho. Ni kitu adimu katika filamu za mashujaa kuona adui ambaye si wa kuzomea tu. Na mwisho wake, anapofyatua vidole na nusu ya viumbe vyote vinageuka majivu, umefanywa kwa kujizuia. Muziki unakaribia kunyamaza. Spider-Man anayeyuka mikononi mwa Stark akiomba asife. T'Challa anamnyooshea Okoye mkono ili amwinue, na mkono unapotea. Mumosho hakuna aliyecheka.

Kasoro ndogo zipo, zipitiwe haraka. Mapenzi ya Wanda na Vision yalikomaa mahali ambako kamera haikuwepo, kwa hiyo kifo cha Vision kinatakiwa kutuumiza kwa mkopo. Pale Titan, Star-Lord anampiga Thanos usoni wakati wenzake wamebakiza kidogo tu kumvua glavu; hasira yake inaeleweka, lakini mpango mzima kuanguka kwa hasira ya mtu mmoja ni kazi ya mwandishi aliyehitaji filamu ya pili. Hata yale majivu: Black Panther ilikuwa imetoka Februari ya mwaka huohuo na kuingiza zaidi ya dola bilioni 1.3. Hakuna mfugaji anayechinja ng'ombe mwenye maziwa kama hayo. Kila mtu aliyejua kidogo biashara ya Disney alijua T'Challa atarudi, na mwaka 2019 katika Endgame akarudi kweli.

Kasoro mbili ndizo za kukaa nazo.

Ya kwanza ni hesabu ya Thanos. Katika vitabu vya picha vya Jim Starlin vya mwaka 1991, Thanos aliua nusu ya viumbe ili ampendeze Kifo, aliyechorwa kama mwanamke. Watengenezaji wa filamu waliona sababu hiyo haitoshi, wakampa nyingine inayosikika kama ya profesa: watu ni wengi, mali ni chache, bila kupunguza watu wote watakufa. Ni wazo la zamani. Mchungaji Mwingereza Thomas Malthus aliandika mwaka 1798 kwamba watu wanaongezeka haraka kuliko chakula. Thanos aliongeza tu uhodari wa kuua.

Filamu inamwachia aseme mara kadhaa, kwa sauti ya upole, na karibu hakuna anayemjibu. Gamora anajaribu, kwa maneno machache, kisha hadithi inaruka kwenda sayari nyingine. Wanasayansi wawili wakubwa wa dunia, Stark na Banner, hawagusi hesabu hiyo hata mara moja. Vijana wengi wakitoka kutazama wanaulizana swali la wazi: mtu mwenye mawe sita yanayofanya lolote, kwa nini asiongeze chakula mara mbili? Lakini hata bila swali hilo hesabu yenyewe haisimami. Mwaka 2018 dunia ilikuwa na watu bilioni 7.6 hivi. Nusu yao ni bilioni 3.8, yaani dunia ya mwaka 1972 hivi. Ilikuwa dunia iliyoshiba? Ni katika miaka hiyo njaa iliwamaliza watu wa Wollo, nchini Ethiopia. Au hesabu ya kwetu: Congo ya leo ina watu zaidi ya milioni 100. Ikigawanywa kwa mbili inarudi Congo ya mwaka 2000 hivi. Wenye miaka 40 na kuendelea katika Kivu wanakumbuka kama mwaka 2000 watu walikula vizuri.

Ni haki pia kusema kwamba kwa mtu wa Bushi, Thanos haongei upuuzi mtupu. Mashamba yamegawanywa kutoka baba kwenda kwa watoto mpaka yamebaki vipande ambavyo mhogo wake haumalizi mwaka. Watu ni wengi kweli, na kila familia inaona. Ndiyo maana filamu ilihitaji mtu wa kumjibu vizuri, si wa kumrukia tu na shoka.

Na Mumosho ni mahali pazuri pa kumjibu. Pale Mumosho ndipo Ruzizi inapogeuzwa kuwa umeme. Bwawa la Ruzizi II linafanya kazi tangu mwaka 1989, chini ya SINELAC, shirika la nchi tatu: Congo, Rwanda na Burundi. Zaidi ya megawati 40. Mto haujapungukiwa maji kwa sababu watu wamezaa. Lakini katika Congo zaidi ya watu watatu kati ya wanne hawana umeme nyumbani, na kule kwenye vilima filamu inatazamwa kwa jenereta ya petroli. Thanos akifyatua vidole leo, nusu ya wakaaji wanapotea na nyaya zinabaki zilivyopita. Karatasi za mashamba makubwa zinabaki na majina yaleyale, au ya watoto wao. Jambo hili lilihitaji sentensi moja tu, kutoka kwa yeyote kati ya mashujaa 20. Hakuna aliyepewa.

Kasoro ya pili ni ile ya mzee.

Tukumbuke jinsi vita inavyofika Wakanda. Vision ana jiwe kwenye paji la uso. Anasema waliharibu, hata kama naye atakufa, ili Thanos asilipate. Captain America anakataa: wao hawabadilishani maisha ya watu. Ni maneno mazuri, na watazamaji wanayapenda. Kisha anamchukua Vision na kumpeleka Wakanda, kwa sababu huko kuna Shuri anayeweza kulitoa jiwe bila kumwua. Yaani maisha ya mtu mmoja hayabadilishwi na kitu, lakini maisha ya askari wa Wakanda yanawekwa mezani bila hata kuhesabiwa.

T'Challa anapokea wageni kwa heshima, jambo la kawaida katika nyumba ya Kiafrika. Kisha anaamuru mji uondolewe watu na jeshi lijipange. Katika Black Panther, miezi michache kabla, tulionyeshwa Wakanda yenye baraza la wazee wa makabila, watu wanaobishana na mfalme, na wapanda-mlima wa M'Baku ambao walikaa karne nyingi wakikataa amri ya ikulu. Katika Infinity War baraza limeyeyuka kabla ya Thanos kufyatua vidole. M'Baku yumo, anapiga kelele na kuinua rungu. Hakuna kikao. Hakuna mzee anayeuliza ile jiwe ni ya nani.

Kuna jibu tayari kwa hoja hii, na si jibu bovu: Thanos akilipata jiwe, Wakanda nayo inakufa, kwa hiyo vita ni yao pia. Kweli kabisa. Basi ingesemwa. Dakika mbili za kikao zingetosha, mzee mmoja akikataa, mwingine akikubali, T'Challa akikata shauri. Wangekufa kama watu walioamua. Filamu ilipata dakika za Star-Lord kunenepesha sauti, na zilistahili. Ilikosa dakika za baraza.

Okoye peke yake anapewa neno. Wanaposubiri wageni watue, anamwambia mfalme kwamba aliposema ataifungua Wakanda kwa ulimwengu, yeye alifikiri mambo kama michezo ya Olimpiki, pengine duka la kahawa la Wamarekani. Watu wanacheka. Danai Gurira, aliyekulia Zimbabwe, anayasema kwa uso mkavu unaoacha uchungu chini ya kichekesho, na kwa sekunde tano filamu inakaribia ukweli: nchi imejifungua, na kitu cha kwanza kuingia ni vita ya watu wengine. Baada ya hapo askari wanaanza wito na kiitikio, «Yibambe!», neno la Kixhosa la kuhimizana kushika imara. Msemaji wa Kiswahili anasikia ndani yake kubamba bila kufundishwa. Ni sehemu nzuri. Uwanja wenyewe ulikuwa wa Georgia, Marekani.

Kisha T'Challa anafanya jambo ambalo lingestahili filamu nzima. Wanyama wa Thanos wanaanza kuzunguka ngao ya nishati inayoulinda mji, na wakipita nyuma watamfikia Vision. Mfalme anaamuru sehemu ya ngao ifunguliwe, ili wanyama wawajie watu wake uso kwa uso. Anafungua mlango wa nyumba yake ili kumlinda mgeni aliye chumbani. Wanyama wanaingia kama mafuriko. Askari wanaanguka, na kamera inawapita ikimtafuta Captain, ikimtafuta Black Widow, ikimsubiri Thor. Hakuna askari hata mmoja aliyeanguka pale ambaye jina lake tunalijua. Mwishowe Wanda analiharibu jiwe na Vision anakufa, Thanos anarudisha wakati nyuma, analichukua. Vision alitaka hilo tangu mwanzo, kabla ya Wakanda kuingizwa.

Mtu anaweza kusema kwamba filamu ya starehe haitakiwi kubeba mzigo huo. Lakini Marvel wenyewe waliubeba miaka miwili kabla. Captain America: Civil War ya 2016, iliyoongozwa na ndugu haohao na kuandikwa na waandishi haohao, inaanza na mashujaa wanaopigana mjini Lagos na kusababisha vifo vya raia, wakiwemo watu wa Wakanda waliokuja kusaidia. Nchi 117 zinaandika mkataba: mashujaa wasiingie katika nchi ya mtu bila ruhusa. Filamu nzima ni ugomvi juu ya mkataba huo, na wanaoupinga na wanaoutetea wote wana sababu. Katika Infinity War mkataba unatajwa na waziri mmoja wa Marekani, anayeonekana kwa picha ya mwanga, kisha anazimwa kama redio. Waliijua hoja. Waliiacha njiani kwa sababu inachelewesha vita.

Msomaji wa Kivu haoni hilo kama jambo dogo la uandishi. Bukavu imeona wanajeshi wakiingia mwaka 1996, 1998, 2004, na tena Februari 2025. Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita ndani ya Kisangani, mji ambao haukuwa wa mmoja wao, na mawe, yaani almasi, hayakuwa mbali na ugomvi huo. Waliokufa wengi walikuwa wakaaji. Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko La Haye iliamuru Uganda iilipe Congo dola milioni 325 kwa hasara za vita ya miaka ile, kwa watu, mali na utajiri wa ardhi. Ni karibu sawa na gharama ya kutengeneza Infinity War. Filamu yenyewe iliingiza zaidi ya dola bilioni mbili.

Kwa hiyo mtoto wa Mumosho anapoitazama Wakanda anatazama mambo mawili kwa pamoja. Anaona Mwafrika mwenye mji unaong'aa, na Shuri anayemwuliza Banner kwa nini hawakuunganisha mishipa ya Vision kwa njia rahisi zaidi, na Banner anakiri kwamba hawakuwaza. Vijana walipiga makofi pale, na walikuwa na haki. Anaona pia nyasi, kilima, watu weusi wanaokimbia kuelekea kifo kwa ajili ya jiwe, na kamera isiyosimama. Jambo la kwanza alikuwa halijawahi kuliona kwenye ekrani. La pili analijua bila ekrani.

Chadwick Boseman alifariki tarehe 28 Agosti 2020, na Wakanda Forever ya 2022 ilijengwa juu ya msiba wake. Katika filamu ile malkia Ramonda alipewa nafasi ya kusimama mbele ya wakubwa wa dunia na kuwaambia wazi kwamba wanaitamani vibranium ya watu wake. Ilikuwa filamu ya Ryan Coogler, si ya ndugu Russo. Katika orodha ya waigizaji wa Doomsday iliyotangazwa Machi 2025 wamo Letitia Wright, yaani Shuri, na Winston Duke, yaani M'Baku. Wamo pia Robert Downey Jr., safari hii kama Doctor Doom, na kundi zima la watu wa X-Men, kwa hiyo mikrofoni itagombaniwa kuliko 2018. Tutahesabu dakika atakazopewa M'Baku za kukaa kwenye kiti na kuongea, kabla hawajamkabidhi rungu.